Mita za Ujazo Hazinyweki

Kuchimba chini ya maji ni kazi inayojificha yenyewe. Barabara ikijengwa vibaya, msimu mmoja wa malori unatosha kuiumbua. Ukuta ukipinda, kila apitaye atauona. Lakini mkandarasi aliyelipwa kuzoa tope kwenye mkondo wa bandari, au kuchimbua upya silanga (bwawa la kuchimbwa la maji ya mvua) iliyojaa udongo, akishaondoka maji hurudi na kuifunika kazi yake yote. Kinachobaki juu ni karatasi: mita za ujazo kadhaa zimetolewa, mhandisi ametia sahihi, malipo yameidhinishwa.

Ndiyo maana kwa miaka zaidi ya 30 sasa nchi zenye bandari kubwa zimekuwa zikiikabidhi kazi ya ukaguzi kwa vihisio, setilaiti na kompyuta zinazorekodi usiku na mchana bila kumwuliza mkandarasi ruhusa. Nataka kulitazama jambo hili kutokea Gotu, katika Kaunti ya Isiolo, mahali ambapo hakuna bandari wala meli, kwa sababu naamini ni huku kwenye nchi kavu ambako swali la nani anampima mkandarasi, na anampima kwa kipimo gani, linaonekana bila vumbi la teknolojia.

Gotu ipo kwenye Ewaso Ng'iro, jirani na hifadhi ya Shaba. Mto huo unateremka kutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua, unavuka Laikipia, unapita Archers Post na hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, kisha Gotu, na mwisho unapotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Walio chini ya mto hupata kile kilichoachwa na walio juu. Kituo cha kupimia maji cha Archers Post, ambacho kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi katikati ya karne iliyopita, kimeonyesha jinsi mtiririko wa kiangazi ulivyopungua kadiri mifereji na mabomba ya umwagiliaji yalivyoongezeka juu. Wafugaji wa Kiborana na Kiturkana wa upande huu, ambao wengi wao wamo katika hifadhi ya jamii ya Nakuprat-Gotu, wanajua maana yake bila kusoma jedwali lolote. Mto ukikatika, kinachosimama kati ya mifugo na kifo ni visima, maji yanayofukuliwa kwenye mchanga wa laga (mito ya msimu), na silanga.

Silanga zina adui mmoja wa kudumu, nao ni udongo. Kila mvua kubwa hubeba tope kutoka kwenye ardhi iliyokanyagwa na kuliweka mle mle tulimotaka maji. Baada ya miaka michache shimo huwa sahani. Hapo kaunti, shirika la misaada au serikali kuu hutangaza zabuni, mkandarasi huja na tingatinga na ekskaveta, na kazi ileile inayofanywa na meli kubwa kule Mombasa na Dar es Salaam hufanyika kwenye vumbi. Kanuni za kudanganya pia ni zilezile, kwa hiyo inafaa kuanza na meli, maana ndiko ukaguzi wa mashine ulikozaliwa.

Meli ya kufyonza mchanga huteremsha bomba hadi sakafu ya bahari, huvuta mchanganyiko wa mchanga na maji, na kuumwaga ndani ya hori kubwa lililo katikati ya chombo. Likijaa, meli huenda kumwaga shehena mahali palipoidhinishwa. Zamani mkaguzi alipanda melini, akachungulia ndani ya hori, akaandika daftarini. Mkaguzi huyo alilala, aliumwa, alikula meza moja na nahodha. Katika miaka ya 1990 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kilibuni mfumo ulioitwa Silent Inspector, na wazo lake lilikuwa jepesi: vihisio vilivyomo melini tayari kwa ajili ya uendeshaji vitoe taarifa zilezile kwa mwajiri, moja kwa moja, bila kupitia mkono wa mtu. Mahali ilipo meli, kiasi ilichozama, kimo cha shehena ndani ya hori, kina cha mdomo wa bomba, na dakika ambayo milango ya chini ilifunguka, vyote vinarekodiwa.

Hesabu inayofuata inastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa humo ndimo fedha zinamofichwa. Tuchukue hori lenye mita za ujazo 10,000 lililojaa pomoni. Kwa kupima jinsi meli ilivyozama mbele na nyuma, kompyuta inapata uzito wa shehena, tuseme tani 15,000. Mkandarasi asiyebanwa ataandika "tani 15,000" au "mita za ujazo 10,000" na kudai malipo. Lakini uzito wa maji ya bahari unajulikana, ni tani 1.025 kwa kila mita ya ujazo, na wa punje za mchanga ni kama 2.65. Ukigawa shehena hiyo baina ya viwili hivyo, utakuta mchanga mkavu ni kama tani 7,750 tu. Tani nyingine zaidi ya 7,200 ni maji. Meli imesafiri na bahari na kuitoza serikali nauli. Vihisio viwili, kimoja cha kuzama na kingine cha kimo, vinatosha kuutoa ukweli huo, na ndiyo sababu njia hii hutumika kukagua kazi ya meli za namna hii.

Ujanja wa pili ni kumwaga njiani. Eneo la kumwagia tope huwa mbali, mafuta ni ghali, na bahari usiku haina shahidi. Milango ikifunguliwa maili chache kabla, mkandarasi anaokoa saa, na tope linaangukia kwenye matumbawe au majani ya bahari ambayo kibali kilikusudia kuyakinga. Kenya imo katika Mkataba wa London wa 1972 unaosimamia utupaji wa taka baharini, lakini mkataba hauoni gizani. Rekodi ya mahali pa meli ikiunganishwa na rekodi ya milango inaona.

Ujanja wa tatu ni wa kitaalamu zaidi na sidhani kama kila anayeufanya anajua kuwa ni ujanja. Mahali penye tope laini, sakafu haina mpaka wazi. Kuna maji, kisha uji, kisha tope zito, kisha udongo. Mwangwi wa masafa ya juu hugonga juu ya uji na kurudi. Ule wa masafa ya chini hupenya hadi kwenye tope zito. Ukipima kabla ya kazi kwa chombo cha kwanza na baada ya kazi kwa cha pili, utaonekana umechimba hata kama hukugusa kitu. Hapa hakuna kihisio cha kukuokoa. Kinachookoa ni sentensi moja ndani ya mkataba inayosema "sakafu" ni ipi na itapimwa kwa masafa gani, iliyoandikwa kabla mashine haijawashwa.

Kwa hiyo mashine haimalizi udanganyifu, inauhamisha. Penye vihisio, mgogoro unahama kutoka "umechimba kiasi gani" kwenda "kihisio kilirekebishwa lini na nani, na kwa nini data ya usiku wa Jumanne haipo". Wamarekani walilijua hilo, wakaweka ukaguzi wa vihisio vyenyewe na sharti kwamba kila meli iwe na maelezo ya maandishi ya vifaa vyake. Pengo kwenye rekodi lina uzito sawa na rekodi, na mkataba usiosema pengo litatozwa nini umeacha mlango wazi.

Swali linalofuata ni kisanduku kinachotunza rekodi hizi ni cha nani, na hapa Uingereza ina funzo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha kwetu. Tangu 1993, kila meli inayochimba mchanga na kokoto kwa leseni ya Crown Estate, taasisi inayomiliki sakafu ya bahari kwa niaba ya Taji, imelazimika kubeba kisanduku kinachorekodi tarehe, saa na mahali kila baada ya sekunde 30 wakati uchimbaji unaendelea. Ubelgiji ikafanya mfano wa hayo mwaka 1996. Mwenye sakafu ndiye aliyedai kisanduku, kwa kuwa analipwa kwa tani na hataki kuibiwa. Mtazamo wake ni wa mwenye mali. Kwetu Afrika Mashariki, mwenye sakafu kwa mujibu wa sheria ni umma, lakini mara nyingi kisanduku, kikiwapo, kinafungwa na mkandarasi, kinasomwa na mshauri aliyeajiriwa na mradi, na kufungiwa kabatini. Umma unaona matokeo tu, pale samaki wanapohama.

Lamu ni ushahidi wa jinsi hali hiyo inavyoumiza. Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua ujenzi wa bandari katika ghuba ya Manda, kiungo cha kwanza cha LAPSSET, mradi wa ukanda wa uchukuzi ambao ramani yake inapita Isiolo. Kampuni ya China Communications Construction Company ilipewa gati tatu za kwanza, na gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kati ya tarehe hizo mbili mkondo ulichimbwa, mikoko ikakatwa, na maeneo ya uvuvi yaliyotumiwa na vizazi vingi yakavurugika. Wavuvi walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2012, katika kesi iliyojulikana kwa jina la Mohamed Ali Baadi, na hukumu ikatoka 2018: haki zao za mazingira safi, za utamaduni na za kupata habari zilikiukwa, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Nimelifikiria sana neno habari katika hukumu ile. Wavuvi hawa hawakukosa maarifa ya bahari, walikosa rekodi. Rekodi yoyote ya mashine ilikuwa mikononi mwa aliyechimba, wao walikuwa na kumbukumbu za vichwani na nyavu tupu. Setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-2 ilianza kuzunguka mwaka 2015, kabla ya sehemu kubwa ya uchimbaji wa Lamu, na picha zake ni bure kwa yeyote. Maji yaliyotibuliwa na tope huonekana humo kwa rangi tofauti. Kifaa cha kupima utibukaji wa maji kikifungwa kwenye boya karibu na matumbawe, kikituma namba kwenye simu ya kikundi cha wavuvi, kingegharimu sehemu ndogo sana ya fidia. Kipimo cha namna hiyo kingewawezesha kusema "simamisheni leo" badala ya "tulipeni kesho", na kwa mvuvi tofauti ya hayo mawili ni kubwa kuliko shilingi zozote.

Mwaka 2023 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilizindua jukwaa linaloitwa Marine Sand Watch. Linatumia mawimbi ya utambulisho yanayorushwa na meli na akili bandia inayotambua mwendo wa meli inayochimba. Makadirio yake ni kwamba kati ya tani bilioni 4 na bilioni 8 za mchanga huchotwa baharini kila mwaka duniani. Ni kazi ya kusifiwa, lakini inaona meli zinazorusha mawimbi hayo, na sharti la kimataifa la kuyarusha linazihusu meli za tani 300 na zaidi zinazokwenda nchi za nje. Pampu zinazoelea kwenye mashimo ya kinamasi cha Lwera, kando ya barabara ya Kampala hadi Masaka, hazimo. Uganda ilikuwa na tatizo la ziada huko: Katiba yake ya 1995 iliuacha mchanga wa ujenzi nje ya orodha ya madini, na ni sheria ya 2022 iliyoanza kuufunga mwanya huo. Huwezi kumfuatilia kwa setilaiti mtu ambaye sheria haijaamua anachimba nini.

Na silanga za Isiolo hazimo kwenye jukwaa lolote. Turudi huko.

Mkandarasi wa silanga hulipwa kwa mita za ujazo za udongo uliotolewa. Njia ya kwanza ya kuzihesabu ni malori. Tatizo lake ni la kifizikia: udongo wa mfinyanzi uliokaa chini miaka mingi ukifukuliwa hufumuka, na kiasi cha asilimia 30 ni cha kawaida. Ukitoa mita 10,000 shimoni, malori yatabeba kama 13,000. Mkataba usiosema kwamba kinachohesabiwa ni udongo ukiwa bado mahali pake umekubali kulipia mita 3,000 za hewa. Njia ya pili ni kupima umbo la shimo kabla na baada. Hii ni bora, ila inahitaji kipimo cha kabla kiwe kweli kilifanyika kabla, na cha baada kifanyike kabla ya mvua. Mvua ikitangulia, hakuna anayejua kitu tena hadi kiangazi kingine. Mkandarasi anayechelewa kwa wiki chache hupata kifuniko cha bure kutoka mbinguni.

Zipo mashine za kurekebisha hali hii, na bei zake zimeshuka mno. Ekskaveta nyingi za kisasa hutoka kiwandani zikiwa na kifaa kinachotuma mahali zilipo, saa za injini, na kama injini inazunguka bure au inafanya kazi. Mashine iliyodaiwa kuwa silangani kwa wiki tatu huku ikionekana imeegeshwa mjini Isiolo haihitaji mwanasheria kuifafanua. Droni ikipita juu ya shimo kavu kwa nusu saa, picha zake huunganishwa kuwa umbo la pande tatu lenye usahihi wa sentimita chache. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kinahitajika, na katika eneo lenye wasiwasi wa usalama wenyeji ni lazima waarifiwe mapema, maana chombo kinachovuma angani kinaweza kudhaniwa kuwa kitu kingine kabisa. Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5, na kila nukta ya picha yake ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo silanga ya hekta moja ina nukta 100: inatosha kujua maji yapo au yamekwisha. Mawingu yakizuia, Sentinel-1 inatumia rada na haijali mawingu.

Tukiwa na hayo yote tutaweza kuthibitisha kwa uhakika kwamba mita 10,000 zilitolewa. Je, Gotu itakuwa imepata maji?

Si lazima, na hapa ndipo ninapotofautiana na wahandisi wengi wanaoshangilia ukaguzi wa mashine. Tuchukue silanga mbili zenye ujazo uleule wa mita 10,000. Ya kwanza ni mita 100 kwa 100, kina mita 1. Ya pili ni mita 50 kwa 50, kina mita 4. Kwa kihisio, kwa droni na kwa hati ya malipo, kazi hizi mbili ni sawa. Kwa jua la Isiolo hazifanani hata kidogo. Jua na upepo wa huku vinaweza kunyonya zaidi ya mita 2 za maji kwa mwaka kutoka kwenye uso ulio wazi, yaani milimita 6 hivi kwa siku. Silanga pana itakuwa imekauka kabla ya miezi sita kuisha, hata kama hakuna ng'ombe aliyetia mdomo wake. Ile yenye kina, ndani ya muda huohuo, itakuwa imepoteza robo tu na kubaki na mita 7,500. Ng'ombe 1,000 wanaokunywa lita 25 kila mmoja kwa siku wanatumia mita 25, kwa hiyo bila kuhesabu mvuke zaidi, maji hayo ni ya siku 300. Bila shaka silanga halisi haina kuta za wima, mifugo inahitaji mteremko wa kushukia, na maji mengine hupenya ardhini. Lakini upande ambako hesabu inalalia haubadiliki.

Na mkandarasi ana kila sababu ya kuchimba kwa upana. Juu udongo ni laini, chini ni mgumu. Juu tingatinga linasukuma, chini ekskaveta inanyanyua ndoo baada ya ndoo. Akilipwa bei moja kwa kila mita ya ujazo, atatafuta mita rahisi. Haibi chochote. Anatimiza mkataba neno kwa neno, na mashine zetu zote zitathibitisha uaminifu wake huku silanga ikikauka Agosti. Kisha kuna rundo la udongo uliotolewa. Likiachwa kwenye ukingo wa juu wa shimo, mvua ya kwanza inaanza kulirudisha ndani, na mwaka mwingine tutalipa tena kwa mita zilezile.

Ndiyo maana nasema kipimo kinachostahili kuwa cha kwanza ni siku za maji: tangu mvua ya mwisho hadi siku ambayo mnyama wa mwisho alikunywa. Wafugaji wa Isiolo wanahesabu mwaka kwa ganna, mvua kubwa za Machi hadi Mei, kisha bona adolesa, kiangazi cha katikati ya mwaka, kisha hagaya, mvua za Oktoba na Novemba, halafu bona hagaya, kiangazi kikali cha kuanzia Desemba. Mzee akiulizwa juu ya silanga hasemi ina mita ngapi. Anasema inafika adolesa katikati, au inavuka hadi hagaya. Hicho ni kipimo kamili: kimejumlisha kina, mvuke, upenyaji na idadi ya mifugo ndani ya jibu moja. Setilaiti inaweza kukithibitisha kwa tarehe, bila gharama ya picha, kwa kila silanga ya kaunti yenye ukubwa wa kuonekana, na hata kurudi nyuma miaka kadhaa kulinganisha silanga ileile kabla na baada ya mkandarasi kupita.

Nimesikia hoja kwamba wanakijiji hawawezi kusoma picha za setilaiti, kwa hiyo data ibaki kwa wataalamu. Isiolo yenyewe imeijibu. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, wakati mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi ulipokuwa ukijaribiwa huko kwa mara ya kwanza nchini, wafugaji walikaa mbele ya picha za setilaiti zilizomulikwa ukutani na kuonyesha malisho ya kiangazi, njia za mifugo, visima na mipaka ya dedha, ile mifumo yao ya kusimamia nyanda za malisho. Ramani zilizotokana na vikao hivyo zilikuwa za kidijitali na zenye majina yao wenyewe. Waliosoma ardhi maisha yao yote waliitambua kutoka juu.

Na katika visima vya Waborana tangu zamani yupo aba herega, mwenye dhamana ya zamu za kunywesha, anayejua nani kanywesha lini na zamu inayofuata ni ya nani. Kazi yake ina mambo ambayo mifumo yetu ya kisasa mara nyingi inakosa: anafanya mbele ya watu wote, na anayedhani kadhulumiwa anajua pa kulalamika siku hiyohiyo. Mfumo wa vihisio unaotuma namba zake ofisini Nairobi peke yake, hata uwe sahihi kiasi gani, uko nyuma ya aba herega kwa hilo.

Zipo hofu za haki kuhusu kurekodi kila kitu, na sipendi kuzipita haraka. Droni inayopima silanga hurekodi pia mifugo iliyopo na nani kapiga kambi wapi, katika eneo ambalo Waborana, Waturkana na Wasamburu wamewahi kugombana juu ya maji hayohayo. Picha hizo zikivuja zinaweza kumsaidia mwizi wa mifugo, au mtu anayetafuta ushahidi kwamba ardhi fulani "haina watu". Kwa hiyo kinachotangazwa kiwe umbo la shimo na tarehe za maji. Picha ghafi zibaki mikononi mwa kamati ya wenyeji, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 itumike juu ya droni kama inavyotumika juu ya benki. Kihisio cha mkandarasi nacho kimfuate yeye na mashine yake tu, kisigeuzwe kuwa jicho juu ya dereva aliyeketi kivulini saa saba mchana.

Haja ya rekodi zilizo wazi itakuwa kubwa zaidi ikiwa bwawa la Crocodile Jaws, lililopangwa kujengwa juu kwenye Ewaso Ng'iro kwa ajili ya mji wa kitalii wa LAPSSET, litatekelezwa. Watu wa chini ya mto wamekuwa wakilipinga kwa miaka, wakiandamana na ngamia zao kando ya mto. Mabwawa makubwa hukamata udongo. Masinga kwenye Tana, lililokamilika 1981, lilianza kupokea tope kwa kasi kubwa kuliko ilivyotarajiwa na waliolichora. Bwawa la Ewaso Ng'iro litakapohitaji kuzolewa, tope litakaloachiwa mtoni litapita Gotu. Haki ya Gotu ya kuijua rekodi ya mkandarasi huyo isisubiri siku hiyo ndipo ianze kudaiwa. Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya 2016 ya kupata habari vinaipa nguvu tayari; kinachokosekana ni mikataba inayotaja rekodi kuwa sehemu ya kazi inayolipiwa, ikabidhiwe pamoja na silanga.

Badiliko moja linaweza kuanza katika zabuni ijayo, bila kununua kihisio hata kimoja. Katika mikataba yetu ya ujenzi, sehemu ndogo ya malipo huzuiwa hadi kipindi cha kasoro kiishe, mara nyingi miezi sita. Silanga ikikamilika Februari, ikajazwa na ganna, miezi sita inaisha Agosti, katikati ya bona adolesa, kabla haijamaliza kiangazi hata kimoja. Mkandarasi analipwa salio lake na kuondoka wakati ambapo silanga bado haijapimwa na kiangazi kizima. Kipindi hicho kiongezwe hadi mwisho wa bona hagaya, na tarehe ya kulipa salio isomwe kutoka kwenye picha za setilaiti mbele ya kamati ya malisho: mvua iliisha lini, maji yalikwisha lini, na je, siku zilizoahidiwa zilitimia.